Ukanda wa Shaba na Chuma: Historia ya Themostati

Kwa karne nyingi kulinda joto ilikuwa kazi ya binadamu, na aliyepewa kazi hiyo hakuupata usingizi. Kwenye Delta ya Mto Nile, nchini Misri, kulikuwa na matanuri ya kuangulia mayai yaliyojengwa kwa matofali ya udongo, kila tanuri likibeba mayai kwa maelfu. Moto wake ulikuwa wa samadi na mabua. Mwangalizi alishinda na kulala humo humo kwa siku zote 21 ambazo yai la kuku linahitaji, na hakuwa na kipimajoto. Alichukua yai, akaligusisha kwenye kope la jicho lake, pale ambapo ngozi ni nyembamba na haijakomaa kwa kazi, akajua kama moto uongezwe au upunguzwe. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 za Selsiasi, na halina uvumilivu: joto likizidi kidogo tu kwa muda mrefu, kifaranga hufia ndani ya ganda. Msomi wa Kifaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur, aliyechapisha kitabu kizima juu ya uanguaji mwaka 1749, aliwataja watu wa kijiji cha Berma kuwa ndio mabingwa wa ufundi huo, na kueleza kwamba siri yake waliirithishana baba kwa mwana.

Naanza na matanuri hayo kwa makusudi. Simulizi za themostati huanzia viwandani, kana kwamba kifaa hiki ni mtoto wa mvuke na makaa ya mawe. Ukweli ni kwamba kilianza kutafutwa kwa ajili ya vifaranga, na swali lenyewe lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: je, moto unaweza kujilinda wenyewe wakati mwangalizi amelala?

Aliyelijibu kwanza, kwa kadiri ya kumbukumbu zilizobaki Ulaya, ni Cornelis Drebbel. Alizaliwa Alkmaar, Uholanzi, mwaka 1572, akahamia Uingereza kumtumikia Mfalme James wa Kwanza. Wengi humkumbuka kwa chombo chake kilichosafiri chini ya maji ya mto Thames karibu mwaka 1620. Mimi naona kazi yake iliyo kubwa zaidi ni tanuri dogo la kuangulia mayai. Chini palikuwa na moto. Juu yake sanduku lenye kuta mbili na maji katikati. Ndani ya maji hayo chupa ya kioo iliyojaa alkoholi, iliyounganishwa na mrija uliopinda wenye zebaki. Moto ukipanda, alkoholi inatanuka na kuisukuma zebaki. Zebaki inainua kijiti kinachoelea juu yake, kijiti kinasukuma wenzo, na wenzo unafunika tundu la kutolea moshi. Moto uliokosa pumzi unafifia. Joto likishuka, mambo yote yanarudi kinyumenyume na tundu linafunguka.

Drebbel hakuacha kitabu kinachoeleza jambo hilo. Tunalijua tanuri lake kupitia ndugu wa ukoo wa Kuffler, wakwe zake, ambao waliendelea kulionyesha kwa wageni London baada ya kifo chake mwaka 1633. Mwenyewe alikuwa ameishia kuendesha kilabu cha pombe, mtu aliyewahi kukaa karibu na kiti cha mfalme. Lakini wazo lake ndilo linalobeba historia yote inayofuata, na inafaa tulitazame kwa utulivu. Katika tanuri la Berma, jicho linahisi, akili inaamua, mkono unatenda. Katika tanuri la Drebbel hayo matatu ni tendo moja. Kile kinachopata joto ndicho hicho hicho kinachosogea, na kusogea kwake ndiko kufunga tundu. Hakuna ujumbe unaotumwa popote.

Mfaransa Bonnemain alilifuata wazo hilo mwaka 1777, karibu na Paris. Aliachana na kioo na zebaki, akatumia vijiti vya metali mbili tofauti vinavyotanuka kwa viwango tofauti ndani ya maji ya bwela, na tofauti hiyo ikafungua au kufunga njia ya hewa ya moto. Maji ya moto yakazunguka kwenye mabomba kupasha chumba cha mayai, na vifaranga wake wakauzwa Paris.

Lakini metali mbili zilikuwa zimekwisha kuunganishwa nyumbani kwa fundi wa saa, na hapo ndipo pananivutia zaidi. John Harrison, seremala aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693, hakujali kuku wala matanuri. Alitaka saa ambayo ingeweza kusafiri baharini bila kupoteza majira, ili nahodha ajue yuko wapi kwa kulinganisha saa ya nyumbani na jua lililo juu yake. Bunge la Uingereza lilikuwa limetangaza mwaka 1714 zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua tatizo hilo. Dakika nne za kukosea kwa saa ni digrii nzima ya longitudo, na kwenye ikweta hizo ni maili 60 za baharini. Merikebu ingeweza kupanda mwamba huku nahodha akiamini yuko maji makuu. Adui mkubwa wa saa alikuwa joto. Katika joto la tropiki springi hulegea na saa huchelewa. Kwenye baridi ya kaskazini hukaza na saa hukimbia.

Katika saa yake ya tatu, ile inayoitwa H3, aliyoanza kuihangaikia mwaka 1740 na kuikalia karibu miaka 19, Harrison alichukua ukanda wa shaba ya njano na ukanda wa chuma cha pua, akavilaza mgongo kwa mgongo na kuviunganisha kwa ribiti mwanzo hadi mwisho. Zingatia hesabu yake. Fimbo ya shaba ya njano yenye urefu wa mita moja, ikipashwa joto kwa nyuzi 100, hurefuka kwa milimita 1.9 hivi. Ya chuma cha pua hurefuka kwa milimita 1.2. Kila moja ikiachwa peke yake, huoni kitu kwa macho. Ukizifunga pamoja, shaba inataka kurefuka na chuma kinaikatalia, na suluhu pekee iliyobaki ni ukanda mzima kupinda, shaba ikiwa upande wa nje. Tofauti isiyofika milimita moja inageuka kuwa mwendo unaoonekana kwenye ncha. Harrison aliutumia mwendo huo kufupisha au kurefusha sehemu ya springi inayofanya kazi, na saa ikajirekebisha yenyewe. Wazo hilo hilo liliingia kwenye H4, saa ya ukubwa wa kiganja iliyopelekwa Jamaica mwaka 1761, na baada ya siku 81 ikawa imechelewa kwa sekunde tano tu.

Harrison anasifiwa kwa longitudo, na ni haki yake. Ila simu na satelaiti zimeichukua kazi ya saa za baharini, wakati ule ukanda wake mdogo wa metali mbili uko leo ndani ya mamilioni ya nyumba ambazo hazijawahi kulisikia jina lake. Kwa maoni yangu huo ndio urithi wake mpana zaidi.

Mwaka 1830 Andrew Ure, mkemia wa Glasgow, aliichukulia hataza themostati ya metali mbili na kukipa kifaa jina hilo tunalolitumia mpaka sasa. Viwanda vya pamba vya Uingereza vilihitaji joto lisiloyumba, kwa kuwa uzi ni mwepesi kukatika hewa inapobadilika. Miaka mitano baadaye aliandika kitabu cha kuutetea mfumo wa kiwanda, pamoja na kazi walizofanyishwa watoto humo, akiisifu mitambo kwa kuwatia nidhamu wafanyakazi. Ni vema tukumbuke kwamba kifaa kinachompunguzia mtu kazi ya kukesha kinaweza pia kusifiwa na yule asiyempenda mfanyakazi.

Themostati iliingia chumbani kupitia darasa. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Majira ya baridi huko ni ya theluji, na tanuri la makaa lilikuwa chini ya jengo. Mhudumu alilazimika kuzunguka darasa hadi darasa, kuingia katikati ya somo, kusoma kipimajoto ukutani, kisha kushuka chini kumwambia mtu wa tanuri afungue au afunge njia za hewa. Akimaliza duru moja, ya pili inamngoja. Johnson alichoshwa na usumbufu huo. Alitengeneza themostati iliyogonga kengele ya umeme kule chini pindi darasa linapopoa au kuchemka, ili mhudumu asihitaji kupanda, na mwaka 1883 akapata hataza. Miaka miwili baadaye alianzisha kampuni Milwaukee, na baada ya hapo akaendelea hadi kuiacha hewa iliyoshindiliwa kwenye mabomba ifungue vali zenyewe.

Wakati huo huo, Minneapolis, mhamiaji kutoka Uswisi aitwaye Albert Butz alimwondoa hata yule wa tanuri. Chumba kikipoa, themostati yake ilifunga saketi ya umeme. Sumaku ikaachia mtambo wa springi. Mtambo ukazungusha mkono nusu duara. Mnyororo uliofungwa kwenye mkono ukainua mlango wa hewa wa tanuri, na moto ukawaka. Kampuni aliyoianzisha ilipita mikononi mwa wengi, na mwaka 1927 ikaungana na ile ya Mark Honeywell. Mwaka 1953 ndipo kampuni hiyo ilipotoa themostati ya duara iliyobuniwa na Henry Dreyfuss, ambayo kwa Wamarekani wa umri fulani ndiyo sura yenyewe ya neno themostati. Ndani yake ukanda wa metali mbili umekunjwa mzunguko juu ya mzunguko, na kwenye ncha yake kuna kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Ukanda ukijikunja, kichupa kinainama, zebaki inateleza na kuunganisha nyaya mbili.

Kwa nini zebaki? Kwa sababu ukanda mtupu una kasoro moja kubwa, na kila fundi umeme anaijua. Unapinda polepole. Platini, yaani zile ncha mbili zinazogusana kuunganisha umeme, zikiachana polepole huruka cheche, cheche huzichoma, na siku moja hugandana na kukataa kuachana kabisa. Pasi ya aina hiyo inaweza kuteketeza nyumba. Zebaki hukwepa tatizo hilo, lakini ni sumu na haifai kwenye kitu kinachotikiswa.

Suluhisho la pili lilitoka kwa kijana aliyekuwa akilisha moto bwela huko Maine. John Spencer aligundua kwamba mlango mdogo wa chuma wa bwela, uliobonyea kidogo katikati, ulikuwa ukitoa mlio wa ghafla joto linapobadilika: mbonyeo ulikuwa unageuka kwa kishindo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama kifuniko cha kopo kinavyofanya ukikibonyeza kwa kidole gumba. Alikata kisahani cha metali mbili, akakibonyeza kwa kipimo, na kwenye mwanzo wa miaka ya 1920 akapata hataza ya swichi isiyopinda polepole hata kidogo. Inavumilia joto kimya, na ikifika kiwango chake inaruka, tak, na platini zimeachana kabla cheche haijapata nafasi. Visahani hivyo viliingia kwenye pasi, kwenye mota, kwenye majiko, na baadaye kwenye kila kitu chenye uwezo wa kuungua.

Kwetu Afrika Mashariki wengi tulikutana na teknolojia hii mara ya kwanza kwenye pasi. Kabla yake palikuwa na pasi ya mkaa, na dobi aliyeijua kazi yake alilowesha ncha ya kidole, akagusa bapa, akasikiliza. Mlio ndio ulimwambia kama ni moto wa kanzu ya pamba au wa baibui ya hariri. Kilikuwa kipimo halisi, cha ukoo mmoja na kope la mtu wa Berma. Pasi ya umeme yenye kitufe cha kuzungusha ikakiweka kipimo hicho ndani ya pasi yenyewe.

Fungua pasi kuukuu uone. Chini ya kitufe kuna skrubu. Chini ya skrubu kuna ukanda mwembamba ulioshikamana na bapa. Kwenye ncha kuna platini mbili zisizozidi punje ya mtama. Watu wengi huamini kwamba ukizungusha kitufe kutoka nailoni kwenda pamba unaongeza nguvu ya umeme. Sivyo. Pasi haijui nusu: ama inakula umeme wake wote, ama haili kabisa. Unachobadilisha ni umbali ambao ukanda unapaswa kupinda kabla ya kukata. Ndiyo maana kuiweka kwenye alama ya juu kabisa hakuifanyi iwahi kupata moto. Kitufe cha friji nacho ni hivyo hivyo, ingawa humo hakuna ukanda bali mrija mwembamba wenye gesi, ambao ncha yake imelazwa kwenye barafu. Gesi ikipata joto inavimbisha kikapsuli, nacho kinabonyeza swichi.

Friji ina mlinzi wa pili ambaye wenye nyumba hawamfahamu. Ubavuni mwa kompresa kuna kidude cheusi cha duara ambacho mafundi hukiita ovalodi. Ni kisahani cha Spencer. Umeme ukirudi ukiwa dhaifu, jambo tulilolizoea mno, kompresa inajaribu kuwaka, inashindwa, na inavuta mkondo mkubwa unaoipasha moto. Kisahani kinaruka na kukata. Baada ya muda kinapoa, kinarudi, kompresa inajaribu tena. Ule mlio wa tak unaousikia jikoni usiku umeme ukiwa dhaifu, unaojirudia kila baada ya muda, si ugonjwa wa friji. Ni kipande cha metali kinachookoa mota yako, na dawa yake ni kuchomoa plagi mpaka umeme utulie.

Katika visa vyote vya historia hii, kimoja kinanigusa kuliko vingine, nacho kimetokea Japani. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Toshiba ilimpa kazi Yoshitada Minami, mwenye karakana ndogo Tokyo, atengeneze chungu cha umeme cha kupikia wali. Wengine walikuwa wamejaribu na kushindwa, kwa kuwa wali unamtaka mpishi asibanduke. Aliyefanya majaribio ni mkewe, Fumiko Minami. Alipika sufuria baada ya sufuria, akapima joto, akaandika, akajaribu ndani ya nyumba na nje kwenye baridi. Waligundua kwamba wali huiva vizuri ukichemka kwa dakika 20 hivi, kisha moto ukatike. Basi wakatumia vyungu viwili: kwenye kile cha nje waliweka kiasi cha maji kinachokauka kwa muda huo huo. Maji yakiwepo, joto haliwezi kuvuka nyuzi 100. Yakiisha tu, joto linaruka juu, ukanda wa metali mbili unapinda, swichi inakata. Chungu hicho kiliingia sokoni mwaka 1955. Maarifa yaliyomo ndani yake ni ya Fumiko, na leo kila anayepika wali wake kwa umeme bila kuuchungulia anatumia daftari la mama huyo. Jina lake linastahili kutajwa kila linapotajwa la mumewe.

Birika la umeme linalojizima nalo lina ukoo wake. Katika Vita Kuu ya Pili, Eric Taylor alitengeneza themostati za mavazi ya marubani yaliyopashwa joto kwa umeme. Mwanawe, John Taylor, akiwa kwenye Kisiwa cha Man, alikipeleka kile kisahani kinachoruka kwenye mabirika, na vidhibiti vya kampuni yao vikasambaa duniani. Mvuke wa maji yaliyochemka hupita kwenye kitundu na kukipiga kisahani kilicho karibu na mpini. Ukiacha mfuniko wazi mvuke unatokomea juu na birika halizimiki. Mtu huyu huyu alimheshimu Harrison kiasi cha kubuni saa kubwa ya dhahabu kwenye ukuta wa Corpus Christi College, Cambridge, iliyozinduliwa mwaka 2008, yenye mdudu mkubwa wa metali anayetembeza gurudumu lake kwa mtindo aliouvumbua Harrison. Aliyetajirika kwa ukanda wa seremala wa Yorkshire alijua deni lake liko kwa nani.

Kuna themostati nyingine ambayo huku kwetu inaonewa, nayo ni ya gari. Haina metali mbili. Ina kikombe kidogo cha nta, wazo lililokuzwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930. Nta ikiyeyuka huvimba kwa zaidi ya asilimia 10, inasukuma kijiti, na mlango unaopeleka maji kwenye rejeta unafunguka. Mafundi wengi wa gereji zetu huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo haisimami. Themostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa, ipo kwa ajili ya injini, ambayo imeundwa ifanye kazi karibu na nyuzi 90 iwe kwenye joto la Tanga au baridi ya Njombe. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi, hulika mapema, na oili yake haiukaushi unyevu unaoingia. Baya zaidi, kwenye injini nyingi themostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji yanazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka kwenye mlima wa kwanza. Mwenye gari hapo huambiwa abadilishe gasketi ya hedi.

Kabla ya kuitupa, ipime. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, na usome namba iliyogongwa kwenye ukingo wake, mara nyingi 82 au 88. Maji yakikaribia nyuzi hizo mlango unapaswa kuanza kufunguka polepole, na ukiitoa nje unapaswa kujifunga wote. Isipofanya hivyo, nunua yenye namba ile ile, na unapoifunga hakikisha kijitundu cha kutolea hewa kimekaa upande wa juu.